Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lakini Mwenyeji Yupi?



Kila mmoja wetu aliyewahi kupanda basi toka Arua kwenda Kampala anajua mambo yanavyokwenda pale gari linaposimama Pakwach, karibu na daraja la Mto Nile. Kabla magurudumu hayajatulia, akina mama na vijana wamekwisha lizunguka basi. Mmoja ameinua samaki wa kukaanga, mwingine mihogo, mwingine ndizi, mwingine maji ya chupa. Wanakimbia, wanaita, wanasukumana. Abiria aliyekaa dirishani anauliza bei, anapunguza, anageuza uso, anapunguza tena. Dereva akipiga honi, bei inaanguka mara moja. Mara nyingine basi linaondoka na samaki ndani, na mama anabaki barabarani akilikimbilia gari kudai haki yake.

Sasa tujiulize. Katika biashara ile ya dakika kumi, nani mwenye haraka? Ni abiria. Lakini nani anayebanwa na haraka ile? Ni muuzaji. Abiria asiponunua Pakwach atanunua mbele. Mama asipouza kwa basi hili, samaki wake wataoza jua likizidi. Wenye basi nao hawana hasara yo yote, maana katika barabara nyingi dereva na kondakta hula bure katika mkahawa wanaousimamisha gari, kwa sababu wao ndio walioleta wateja. Chakula kile cha bure kinalipwa na abiria katika bei ya sahani, na kinalipwa na mpishi katika mshahara wake mdogo.

Tumeanza na Pakwach kwa sababu leo tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloonekana kuwa mbali nasi, nalo ni watalii wanaoshuka kisiwani kwa masaa machache kisha wakaondoka. Mtu atauliza: sisi watu wa Aroi, Arua na Koboko, tusiokuwa na bahari, yanatuhusu nini mambo ya visiwa? Tunajibu kwamba yanatuhusu sana. Kwanza, watoto wetu wanakwenda huko kutafuta kazi. Pili, sisi wenyewe tunaambiwa kila mwaka kwamba utalii utakuja kutuokoa. Mtu anayeambiwa kwamba ataokolewa, ni haki yake kwenda kuwatazama waliotangulia kuokolewa.

MELI INAPOTIA NANGA

Tuchukue kisiwa cha Unguja, kwa sababu ndicho kinachojulikana zaidi katika Afrika Mashariki yetu. Watalii walioingia Zanzibar mwaka 2019 walipita 500,000, na mwaka 2023 walipita 600,000. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi wa Zanzibar kuwa 1,889,773. Yaani kwa kila wenyeji watatu, mgeni mmoja hupita katika mwaka. Wengi wao hulala siku kadhaa katika hoteli za pwani. Lakini wapo pia wanaokuja kwa meli kubwa za anasa, ambao hushuka asubuhi na jioni hurudi melini. Wapo na wengine wanaokuja kwa ndege baada ya kutazama wanyama bara, wakapewa siku moja ya kisiwa kama mtu anavyoongezewa sukari kidogo katika chai.

Masaa sita yale yamepangwa kama ratiba ya kiwanda. Kwanza mgeni huzungushwa katika Mji Mkongwe. Huonyeshwa kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko ambalo lilifungwa mwaka 1873. Huonyeshwa Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash na likamalizika mwaka 1883. Baadaye hupandishwa mashua mpaka kisiwa kidogo cha Changuu, ambacho watu hukiita kisiwa cha jela ingawa jela iliyojengwa pale haikuwahi kutumiwa kama jela. Huko hulisha majani kobe wakubwa, ambao wa kwanza wao waliletwa toka Shelisheli mwaka 1919. Akirudi, hupelekwa shamba la viungo, akanusa karafuu, mdalasini na iliki. Kisha bandarini. Basi, amekwisha iona Zanzibar.

Wale kobe wana jambo moja la kutufundisha. Umri wa kila mmoja umeandikwa mgongoni kwa rangi, ili mgeni ausome. Tunauliza: vijana wangapi wanaoendesha mashua za kuwapeleka wageni kwa kobe hao wana karatasi yo yote iliyoandika tarehe waliyoanza kazi? Kobe ana kumbukumbu yake, baharia hana mkataba. Hapo ndipo utalii ulipofika.

Na jumba lile la Beit al Ajaib lina habari ambayo mgeni wa masaa sita pengine haambiwi. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati linakarabatiwa, sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Siku hiyo ilikuwa Krismasi, na mafundi walikuwa kazini. Mgeni atasikia juu ya milango iliyochongwa na juu ya Sultani. Sisi tunasema waliokufa katika kulitengeneza jumba ni sehemu ya historia yake sawa na yule aliyelijenga, na kwamba usalama wa fundi ni jambo la kwanza kabla ya uzuri wa ukuta.

HESABU YA FEDHA

Turudi katika hesabu, maana mfanyakazi asiyejua hesabu huibiwa mchana.

Mgeni wa meli amekwisha lipa kabla hajaondoka kwao. Amelipa nauli, kitanda, chakula cha asubuhi, cha mchana na cha jioni. Kwa hiyo akishuka kisiwani ana shibe tumboni, na akisikia njaa anajua kwamba melini kuna chakula alichokwisha kilipia. Atakula nini mjini? Hata safari ya kutembezwa mara nyingi ameinunua mle mle melini. Kampuni ya meli huchukua sehemu yake, wakala wa mjini huchukua sehemu yake, mwenye gari huchukua sehemu yake. Kinachobaki humfikia kijana anayetembea juani akieleza habari za mababu kwa lugha tatu. Naye hungojea bahshishi.

Hapa ndipo tunapokutana tena na yule mama wa Pakwach. Meli ni basi kubwa. Nahodha akipiga honi, bei ya kinyago huanguka. Mgeni asiponunua Unguja atanunua Mombasa. Mwenye meli naye hana hasara: kisiwa hiki kikimpandishia ushuru, atasema atakwenda kisiwa kingine.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii ina maana kubwa. Maana yake ni kwamba mgeni anayekaa huingia katika kazi za nyumba, akajua shida za nyumba, akasaidia. Lakini mgeni wa masaa sita hafiki hata siku ya kwanza jioni. Hawezi kupewa jembe. Hawezi kujua kwamba aliyemfulia shuka halipwi saa za ziada. Hajui kwa sababu hakai. Na wapo wanaofanya biashara nzuri kutokana na kutojua kwake.

SHAMBA LINALOGEUZWA KUWA MCHEZO

Tunataka kusema neno moja juu ya lile shamba la viungo, maana sisi ni watu wa mashamba. Tumelima tumbaku na tunajua jinsi ya kukesha karibu na moto ili majani yakauke. Baba zetu na babu zetu walipanda meli za mto na malori wakaenda kukata miwa Lugazi na Kakira, huko ambako Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda chake mwaka 1924 na Muljibhai Madhvani akaanzisha chake mwaka 1930. Leo hii vijana wetu bado wanafanya leja-leja, kazi ya kulipwa kwa kutwa, leo ipo na kesho haipo. Kwa hiyo hakuna haja ya mtu kutueleza shamba ni nini.

Karafuu haikuletwa Unguja na ndege wa angani. Ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19, na mashamba yake yalistawi kwa nguvu za watumwa waliotolewa bara. Mwaka 1873 soko lilifungwa, lakini utumwa wenyewe uliondolewa kisheria mwaka 1897 tu, na hata baada ya hapo waliobaki mashambani waliendelea kuchuma kwa ajili ya wenye ardhi. Mpaka leo karafuu huchumwa kwa mkono. Mtu hupanda mti mrefu, akavuta tawi, akachuma kikonyo kimoja kimoja kabla ua halijafunguka. Tawi likivunjika, mtu huanguka.

Sasa katika shamba la watalii, kijana hupanda mnazi akiimba. Akifika juu hupunga mkono, wageni wakapiga makofi na kumpiga picha. Kisha hushuka na dafu. Hatumlaumu kijana huyo hata kidogo. Anatafuta chakula, na kupanda mnazi ni ufundi. Tunacholaumu ni ule mpango unaoigeuza kazi ya hatari kuwa mchezo, ili anayeitazama asiulize habari ya ujira wala habari ya kuanguka. Hebu tufikiri: wangekuja watu kututazama tukikata miwa Kakira, sisi tukaimba nao wakapiga makofi, kisha wakaondoka bila kuuliza kilo moja inalipwaje, tungejisikiaje?

Jambo kama hilo liko hata pwani ya mashariki ya Unguja. Toka mwaka 1989 akina mama wa vijiji kama Paje wamekuwa wakilima mwani baharini kwa ajili ya kuuza nje. Maji yakitoka huingia kufunga kamba, kupanda, kuvuna. Kazi hiyo iliwapa wanawake wengi fedha zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Hoteli zilipoongezeka, ufuko ukawa na wenyewe wawili: mama anayetaka kuanika mwani na mgeni anayetaka kuogelea bila kukwazwa na kamba wala kijiti. Ufuko ukiwa na mgogoro kati ya mama wa mwani na mwenye hoteli, hatuhitaji kueleza ni nani anayesikilizwa kwanza.

BINTI WA KOBOKO

Msifikiri kwamba haya tumeyasikia redioni tu. Mwaka uliopita alirudi kwetu binti mmoja wa Koboko, ambaye jina lake hatulitaji kwa kumwekea heshima. Aliambiwa na mtu kwamba hoteli moja kisiwani inatafuta wafanyakazi. Mama yake aliuza mbuzi wawili akapata nauli. Akasafiri Kampala, akaenda Dar es Salaam, akavuka bahari kwa boti, na kazi kweli akaipata. Aliwekwa dobi, kufua na kupiga pasi mashuka.

Tulimwuliza, "Binti yetu, ulitia saini mkataba?"

Akasema, "Hapana, mzee. Waliniambia nianze kazi kwanza, karatasi zitakuja."

Karatasi hazikuja. Alifanya kazi Julai mpaka Machi. Wageni wa siku moja walipokuwa wengi, mashuka na taulo zilikuwa nyingi kuliko kawaida, kwa sababu kila chumba kilioshwa kila siku kwa mtu mwingine. Saa za kazi ziliongezeka, mshahara haukuongezeka. Ulipofika mwezi wa nne mvua za masika zikaanza, wageni wakapungua, na hoteli ikafunga milango kwa ajili ya matengenezo. Akaambiwa aende nyumbani ataitwa. Nyumbani ni Koboko! Aliuza simu yake apate nauli, na mpaka tunapoandika maneno haya hajaitwa.

Tunasema wazi kwamba makosa haya si ya watu wa kisiwani. Binti mwenyewe alitueleza kwamba mama mmoja mwenyeji, mpishi katika hoteli ile ile, alimlaza kwake majuma mawili bila kudai kitu, na yeye pia alikuwa amesimamishwa bila malipo. Huyo mpishi na binti yetu wako kundi moja. Aliyewagawa ni yule anayetaka mwenyeji amwone mtu wa bara kuwa mwizi wa kazi, na mtu wa bara amwone mwenyeji kuwa mvivu, ili wote wawili wakubali mshahara wowote.

Na mwaka 2020 jambo hili lilionekana mbele ya dunia nzima. Ugonjwa wa korona ulipoingia, mwezi wa Machi watalii walizuiwa kuingia Zanzibar na hoteli zikafungwa. Waliokuwa na mkataba na chama walikuwa na mahali pa kuanzia kudai. Wasiokuwa na karatasi walifunga mizigo yao usiku. Kazi inayotegemea mgeni mpitaji huondoka pamoja na mgeni.

MGENI SI ADUI

Ndugu zetu, hapa lazima tuseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Mtalii si adui yetu. Katika meli ile wamo matajiri, ni kweli. Lakini wamo pia walimu, wauguzi, mafundi wa magari na watu waliostaafu viwandani, waliodunduliza miaka mingi. Wamepataje nafasi ya kusafiri? Wamepata kwa sababu wana likizo yenye malipo. Na likizo hiyo hawakuipewa na tajiri kwa hisani. Mwezi wa Juni mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma na kukaa ndani ya viwanda vyao, na mwaka huo huo sheria ikawapa majuma mawili ya likizo yenye malipo kila mwaka. Mwaka ule maelfu ya watu waliona bahari kwa mara ya kwanza. Mtalii, basi, ni mtoto wa mgomo, hata kama mwenyewe amesahau.

Na ndani ya meli wamo wafanyakazi ambao mgeni huwaona mezani tu: wapishi, wafagiaji, wafua nguo, mafundi wa mashine, wengi wao kutoka Ufilipino, Indonesia na India. Meli nyingi za namna hii zina wenyewe katika nchi moja na bendera ya nchi nyingine, kama Panama au Bahamas, ili kukwepa kodi na sheria kali za kazi. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi limepigana na bendera hizo za kukodi toka mwaka 1948. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unasema baharia apate angalau masaa 10 ya kupumzika katika kila masaa 24, na masaa 77 katika kila siku saba. Jamani, kama imebidi dunia nzima ikutane kuandika kwamba mtu ana haki ya kulala, jueni hali ilikuwaje kabla!

Sasa tujitazame sisi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi apewe siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Wangapi kati yetu tunazipata? Wangapi tunaambiwa kwamba "kibarua hana likizo"? Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kuwa kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba na haki zote. Lakini wapo wenzetu wenye miaka sita ya kibarua. Mshahara wa chini nao uliwekwa shilingi 6,000 kwa mwezi mwaka 1984, fedha ambayo leo haitoshi hata kumlisha mtu siku mbili. Bunge lilipitisha mswada mwingine mwaka 2019, lakini haukutiwa saini.

Kwa hiyo swali si kwa nini mtu wa Ulaya anapumzika kisiwani. Apumzike, ni haki yake. Swali ni kwa nini mkata miwa wa Kakira aliyezaliwa Aroi, ambaye kisiwa cha Bugala katika Ziwa Viktoria kiko karibu naye kuliko kilivyo karibu na mtu wa London, hajawahi kukanyaga kisiwa cho chote ila akienda kutafuta kibarua cha michikichi.

WATASEMA NINI?

Wapo watakaotujibu, "Nyinyi watu wa chama mnapenda kulalamika. Masaa sita ni bora kuliko sifuri. Mkiwasumbua watalii watakwenda kwingine, na mama wa vinyago atakosa hata hicho kidogo."

Hoja hii tunaiheshimu kwa sababu njaa ni njaa. Lakini tuitazame vizuri. Mji wa Venice wa Italia hauna hofu ya kukimbiwa, na bado ulichoka. Mwaka 2021 meli kubwa zilikatazwa kupita katikati ya mji huo, na toka tarehe 25 Aprili 2024 mji ukaanza kuwatoza wageni wa siku moja ada ya yuro tano katika siku zenye msongamano. Kumbuka, waliotozwa ni wale wasiolala mjini, yaani wapitaji, kwa sababu mpitaji huacha takataka sawa na aliyelala, lakini huacha fedha kidogo kuliko yeye. Watalii hawakuisha Venice. Ikiwa mji wa matajiri unaweza kumwambia mpitaji "lipa kwanza ndugu," kwa nini sisi maskini tuone haya?

Na tena, anayesema mgeni atakwenda kwingine anasema kweli nusu. Atakwenda kwingine ikiwa huko kwingine wafanyakazi hawajaungana. Dawa ya maneno hayo ni wafanyakazi wa visiwa na bandari zote za Afrika Mashariki, toka Lamu na Mombasa mpaka Unguja, Mafia na Ssese, kuwa na sauti moja. Hapo meli itakwenda wapi?

TUNADAI NINI?

Tukimaliza kwa kulia tu tutakuwa tumepoteza karatasi bure. Haya ndiyo mapendekezo yetu.

La kwanza, kila mgeni anayeshuka kwa siku moja alipiwe ada na mwenye meli au wakala, na sehemu ya ada hiyo iwekwe katika mfuko wa kuwalinda wafanyakazi wakati wa msimu mbaya. Msimu mbaya unajulikana. Masika huja kila mwaka, si ajali. Jambo linalojulikana linaweza kuwekewa akiba.

La pili, bahshishi isihesabiwe kuwa mshahara. Bahshishi ni shukrani ya mgeni, mshahara ni deni la tajiri. Mtu hawezi kulipa deni lake kwa shukrani ya mtu mwingine.

La tatu, kijana wetu asisafiri kwenda kazini bila karatasi, ikiwa ni hoteli ya kisiwani au shamba la michikichi au shamba la miwa. Apitie kwanza kwa tawi la chama. Zanzibar kuna chama cha wafanyakazi wa mahoteli, CHODAWU-Z, na shirikisho lao ZATUC. Hapa Uganda wafanyakazi wa mashamba makubwa wana NUPAWU. Vyama hivi viandikiane barua, ili mtu wetu akishuka bandarini apokelewe na ndugu kabla hajapokelewa na wakala.

La nne, wale walioko kazini hapa Uganda wadai michango yao ya akiba ya uzeeni. Toka sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anapaswa kuchangia asilimia 10 kwa NSSF, na mfanyakazi asilimia 5. Asiyechangiwa anaibiwa uzee wake.

La tano, likizo. Tudai siku zetu 21 kama tunavyodai mshahara. Chama kikipata uwezo, tuandae safari yetu wenyewe, basi moja tu la wafanyakazi na watoto wao, mpaka ziwani, wakaone maji bila kubeba mzigo wa mtu. Wengine watacheka. Mwaka 1935 hata Ufaransa walicheka.

NA HAPA KWETU JE?

Arua imekuwa jiji toka mwaka 2020. Maneno ya utalii yameongezeka: Mto Nile, hifadhi ya Ajai, milima, ngoma zetu. Watalii wanaokwenda kuona maporomoko ya Murchison wako karibu na Pakwach, na huenda siku moja wakavushwa daraja kwa nusu siku, kutupiga picha na kurudi upande wa pili kulala. Sisi hatutawafungia mlango. Lakini tunasema mapema, kabla mashua ya kwanza haijatia nanga: tunataka kujua nani atakayeuza tiketi, nani atakayelipwa, kwa mkataba gani, na nani atakayemtibu kijana akianguka majini. Ni rahisi kudai kabla nyumba haijajengwa kuliko baada ya paa kuwekwa.

Tusidhani kwamba watu wa visiwani hawajui kudai. Mwezi wa Agosti mwaka 1948 makuli wa bandari ya Zanzibar waliweka mizigo chini kwa sababu mshahara haukutosha kununua chakula, na Septemba mgomo ukaenea mjini ukawa mgomo mkuu. Mwaka mmoja kabla yake Mombasa ilikuwa imesimama, na Januari 1945 wafanyakazi wa Uganda nao walikuwa wamegoma. Bandari ile ile ambayo leo mgeni hushukia na kofia ya jua, ndipo makuli wasiokuwa na viatu waliposimama wakasema basi. Habari hii haimo katika ratiba ya masaa sita. Kijana anayewatembeza wageni angeiongeza, wala isingemchukua dakika tano.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaikubali methali hii kwa moyo wote. Lakini mwenyeji si mwenye hoteli peke yake, wala si wakala, wala si mwenye meli anayekaa ng'ambo. Mwenyeji ni dobi, ni mpishi, ni baharia, ni mchuma karafuu, ni mama wa mwani, ni mama wa samaki pale Pakwach. Hao wakipona, mgeni amekuja kweli. Wasipopona, amepita tu.

Binti wetu wa Koboko yuko hapa. Juma lililopita alikuja ofisini kwa tawi, akalipa kiingilio chake, akauliza ni lini mkutano. Tumemwambia Jumapili, saa nane mchana. Na nyinyi nyote tunawaambia hivyo hivyo. Njooni.